Pima kwanza, lipa baadaye: jinsi ya kubana gharama za nyumba

Mtu akiamua kubana matumizi ya nyumbani huanza na vitu vidogo. Anazima taa, ananunua sabuni ya bei nafuu, anaahirisha kupaka rangi. Mwisho wa mwezi anahesabu, anakuta mfuko ni uleule. Taa na sabuni zina nafasi yake, lakini hela nyingi ya nyumba inaishia sehemu tatu: kodi au mkopo, maji yanayopita pasipotakiwa, na kazi ya fundi iliyoanza bila makadirio. Vyombo vya ndani vinafuata. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio huo, na karibu kila hatua inakutaka upime kitu kabla ya kutoa hela. Andaa daftari, kalamu, tepu ya kupimia na simu yenye kamera.

Hatua ya 1: Andika nyumba inakula nini

Kwa miezi 3 andika kila kinacholipwa kwa ajili ya nyumba: kodi au rejesho la mkopo, maji, umeme, gesi, taka, ulinzi, matengenezo, vifaa vya usafi. Malipo ya mara moja kwa mwaka yagawe kwa 12 uyaweke kwenye kila mwezi, la sivyo yatakuja kukushtua. Nauli ya kwenda kazini na shuleni nayo iandike hapohapo, kwa sababu inatokana na mahali unapoishi. Ukimaliza, panga kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha ufanyie kazi mistari ya juu kwanza. Kupunguza asilimia 5 ya kodi kunaweza kuzidi kufuta kabisa mistari mitatu ya chini.

Hatua ya 2: Kodi, kabla hujahama na baada ya kuhamia

Nyumba ya kodi ndogo si lazima iwe nafuu. Tuseme nyumba ya mbali inakupunguzia 40 kwa mwezi, lakini nauli inaongezeka 2 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi umetoa 48, kwa hiyo nyumba "nafuu" imekugharimu 8 zaidi, na hapo ni msafiri mmoja tu. Wakiwa wawili hesabu inaharibika kabisa.

Ukienda kukagua nyumba, nenda mara mbili kwa saa tofauti, na ukiweza moja iwe baada ya mvua. Ukiwa ndani fanya haya bila haya, hata kama dalali ana haraka:

- Fungua bomba zote kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Kama bomba la jikoni linakata, ndivyo utakavyoishi kila asubuhi.
- Fungua kabati la chini ya sinki, unuse. Harufu ya uvundo haidanganyi.
- Tazama kona za dari na sehemu ya chini ya kuta. Ukiona rangi mpya kwenye kona moja tu, uliza kilichokuwa hapo kabla haijapakwa.
- Uliza kama mita za maji na umeme ni za kwako peke yako. Kama mnashirikiana, uliza bili inagawanywaje, na jibu liandikwe.

Mkataba usome mwenyewe hadi mwisho. Tafuta mambo manne: nani anatengeneza nini, kodi inapandaje, taarifa ya kuhama ni ya muda gani, na amana inarudishwa lini na kwa masharti gani. Siku ya kukabidhiwa funguo piga picha kila chumba, kila ufa, kila kioo kilichopasuka, na namba zilizo kwenye mita. Mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye ujumbe. Siku ya kuhama zitaamua kama amana yako inarudi. Na usilipe chochote, hata "ya kushikia nafasi", kabla hujaingia ndani na kuthibitisha kwamba anayepokea hela ana haki ya kuipangisha.

Kupunguziwa kodi kunawezekana kuliko wapangaji wengi wanavyodhani, ila lazima uongee kwa hesabu. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, mwenye nyumba amepoteza moja ya kumi na mbili ya kodi ya mwaka, yaani zaidi ya asilimia 8, na bado hajapaka rangi wala kumlipa dalali. Kwa hiyo mpangaji anayelipa kwa wakati akiomba apunguziwe asilimia 5 kwa kusaini mwaka mwingine, anampa mwenye nyumba ahueni. Omba miezi miwili kabla ya mkataba kuisha. Ukisubiri wiki ya mwisho anajua huna pa kwenda. Kama hataki kushusha kodi, mwombe akubali matengenezo madogo uyafanye wewe na gharama ikatwe kwenye kodi, kwa maandishi.

Anayenunua au kujenga kwa mkopo ana hesabu nyingine. Chukua mkopo wa 100 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayokatwa kwenye salio linalopungua. Ukilipa kwa miaka 20, rejesho la mwezi ni kama 1.10 na jumla utarudisha kama 264. Ukilipa kwa miaka 15, rejesho ni 1.20 na jumla ni 216. Nyongeza ya 0.10 kila mwezi imekuokolea 48, karibu nusu ya mkopo wenyewe. Weka sifuri nyuma ya namba hizo kadiri unavyotaka, uwiano haubadiliki. Kabla ya kusaini uliza maswali mawili: je, riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote mpaka mwisho? Na je, kuna faini ukilipa mapema? Asilimia 12 ya mkopo wote kwa miaka 20 ni riba ya 240 juu ya ile 100 uliyokopa, ingawa kwenye tangazo zote mbili zitaandikwa "asilimia 12".

Hatua ya 3: Yasake maji

Ningeruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu kuhusu nyumba, ningesema shughulikia maji kwanza. Maji yanakulipisha mara mbili: bili ya mwezi, na baadaye plasta inayobanduka, mbao inayooza, chuma kinachopata kutu na rangi isiyokaa. Ukarabati mwingi unaoitwa "wa kuta" au "wa dari" ni ukarabati wa maji uliocheleweshwa.

Anza na mita. Funga bomba zote, hakikisha hakuna anayetumia choo wala mashine ya kufulia, na kama kuna tanki la akiba subiri lijae. Andika namba ya mita pamoja na zile tarakimu ndogo za mwisho, ukae saa 2, usome tena. Ikisogea, kuna mahali panavuja. Ili ujue ni ndani au nje, funga koki kuu ya nyumba urudie. Mita ikiendelea kwenda wakati koki imefungwa, uvujaji uko kwenye bomba kati ya mita na nyumba, mara nyingi chini ya ardhi. Ikisimama, tafuta ndani.

Ndani, mshukiwa wa kwanza ni choo, maana kinavuja kimyakimya. Funua tanki lake, tia matone ya rangi yoyote isiyodhuru, acha nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, ile raba ya chini ya tanki haizibi. Huenda imekakamaa au imeota ukoko. Isafishe, na isipokaa vizuri badilisha. Kama maji yanamwagika kwenye bomba la kati la kupunguzia, tatizo ni boya lililo juu mno. Lishushe mpaka maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Kazi hii haihitaji fundi.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linadondosha matone 86,400 kwa siku. Tone likiwa kama robo ya mililita, hayo ni zaidi ya lita 20 kila siku, zaidi ya lita 600 kwa mwezi. Huna haja ya kuniamini: weka kikombe chini yake kwa saa moja, pima, zidisha mara 24.

Kulitengeneza kunafanyika hivi. Funga koki ya chini ya sinki, au koki kuu kama hakuna ya chini. Fungua bomba maji yaliyobaki yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa sababu skrubu ndogo hupenda kutumbukia humo. Bandua kifuniko cha juu cha mpini, fungua skrubu, vuta mpini. Chini yake kuna shina la shaba. Lizungushe kwa spana kinyume cha saa huku mkono mwingine umeshikilia bomba lisigeuke. Mwisho wa shina utaona washa ya raba, aghalabu ina alama ya duara iliyochimbika. Usinunue nyingine kwa kukisia. Ichukue hiyo mbovu uende nayo dukani kama sampuli. Kabla hujarudisha, ingiza kidole ndani ya bomba upapase pale washa inapokaa. Kama pamekwaruzika, hata washa mpya itavuja, na hapo kubadilisha bomba zima ni nafuu. Bomba za mpini mmoja wa kuinua na kushusha hazina washa hiyo, zina katriji (kipande kimoja cha ndani kinachofungua na kufunga maji), nayo inanunuliwa kwa sampuli vilevile.

Paa linahitaji subira. Doa kwenye dari mara nyingi haliko chini ya tundu. Maji huingia juu, hufuata kenchi au upande wa chini wa bati, kisha hudondoka mbali na yalipoingilia. Mmoja akae darini na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira akianzia sehemu ya chini ya paa na kupanda taratibu, dakika chache kila eneo. Ukianzia juu utalowesha paa zima na hutajua kitu. Kagua kwanza misumari iliyolegea na raba zake zilizopasuka kwa jua, halafu maungio ya paa na ukuta. Mifereji ya paa isafishe kabla ya msimu wa mvua, maana majani yakiziba maji hurudi nyuma na kuingia ukutani. Chini nako, hakikisha udongo unaozunguka nyumba unateremka kutoka ukutani, siyo kuelekea.

Ukuta wenye unyevu unapimwa kwa plastiki. Bandika kipande cha plastiki angavu ukutani, ziba pembe zote nne kwa tepu, acha siku 2. Umande ukiwa upande wa chumba, unyevu unatoka kwenye hewa ya ndani: fungua madirisha, toa mvuke wa jikoni na bafuni nje, sogeza kabati mbali na ukuta. Umande ukiwa nyuma ya plastiki, maji yanatoka ndani ya ukuta. Tafuta bomba lililopasuka, mfereji unaovuja au udongo uliorundikwa nje. Mpaka chanzo kipatikane, usipake rangi. "Rangi ya kuzuia unyevu" juu ya ukuta unaokunywa maji inakuuzia miezi michache ya kutoliona tatizo.

Nyufa: weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili na uandike tarehe. Ufa mwembamba kama unywele ambao hausogei ni kazi ya kuziba na kupaka. Ufa unaoendelea kukua, au uliopita upana wa milimita 5, au unaofanya milango ianze kukwama, muite mhandisi, siyo fundi rangi.

Hatua ya 4: Amua kazi ipi ni yako

Kubadilisha washa, kuzibua sinki, kupaka rangi, kuziba matundu ya misumari, kubadilisha kitasa, kusafisha mifereji iliyo chini: fanya mwenyewe. Nyaya za umeme ndani ya ukuta, mabomba ya gesi, ukuta unaobeba paa, na kupanda juu ya paa refu ni kazi za wenye ujuzi na leseni. Swichi inayochemka au kunuka kuungua haisubiri mshahara. Zima swichi kuu na uite fundi umeme. Na kama nyumba ina bati za zamani za asbesto, usizikate, usizitoboe, usizisugue. Vumbi lake husababisha saratani.

Vifaa vya kuwa navyo ni vichache: bisibisi za aina mbili, spana ya kurekebisha, koleo, nyundo, msumeno, tepu, pima maji na ule utepe mweupe wa kufungia nyuzi za mabomba. Nunua vizuri mara moja. Drili kubwa na ngazi ndefu azima au ukodi.

Hatua ya 5: Kumchukua fundi bila kuumia

Migogoro mingi na mafundi huzaliwa siku ya kwanza, pale mnapokubaliana kwa mdomo "tengeneza bafu". Kwako bafu lina vigae hadi juu. Kwake ni hadi kiunoni. Basi andika kazi kwa ukamilifu: eneo, vipimo, aina ya vifaa, nani anabeba vifusi, inaisha lini. Karatasi hiyohiyo wape mafundi 3, kila mmoja alete makadirio akitenganisha vifaa na ufundi. Bila karatasi moja huwezi kulinganisha, kwa sababu kila mtu amepiga bei ya kazi yake kichwani. Anayetaja bei ya chini sana kuliko wenzake ama hajaelewa kazi, ama atakuongezea njiani. Muulize amepunguza wapi.

Kuhusu vifaa, nunua mwenyewe kila unachoweza. Siyo kwamba mafundi wote huweka cha juu, ila dukani wapo wanaompa fundi chochote kwa kuleta mteja, na hicho kinatoka mfukoni mwako. Chukua orodha, piga simu maduka kadhaa, linganisha. Kama hujui vifaa, nenda na fundi, lakini risiti iandikwe kwa jina lako na mabaki uamue wewe yanakokwenda. Jambo moja la kumtendea haki fundi: ukinunua mwenyewe ukachelewesha vifaa, siku zake za kukaa bure ni gharama yako.

Malipo ya siku yanafaa kazi isiyojulikana ukubwa, kama kusaka bomba linalovuja. Kazi yenye mwanzo na mwisho ilipwe kwa mkataba. Toa kidogo cha kuanzia, kisha lipa kila hatua ikikamilika na ukaikagua, na bakiza kama asilimia 10 kwa wiki mbili baada ya kumaliza. Hiyo asilimia 10 ndiyo inayomrudisha fundi kurekebisha mlango unaokwaruza.

Kuna ukaguzi mara mbili ambao siukubali uachwe. Wa kwanza ni picha: kabla bomba na nyaya hazijafunikwa kwa plasta, piga picha kila ukuta ukiwa umeweka tepu iliyofunguliwa kutoka kwenye kona au sakafu. Miaka kadhaa baadaye utakapotaka kutoboa ukuta utajua bomba liko sentimita ngapi. Wa pili ni sakafu ya bafu. Kabla vigae havijawekwa, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji kina cha sentimita chache, acha saa 24, kisha angalia kama yameshuka na kama dari la chini au ukuta wa jirani umelowa. Kurekebisha siku hiyo ni kazi ya nusu siku. Vigae vikishawekwa, utavunja vyote.

Hatua ya 6: Hesabu vifaa kabla ya kwenda dukani

Rangi ndiyo watu hununua kupita kiasi. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina mzunguko wa mita 14. Zidisha kwa 2.7 upate mita za mraba 37.8. Toa mlango na dirisha moja, unabaki na kama 34. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inahitaji karibu lita 7. Ukiambiwa uchukue ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho, uliza zile 13 ni za nini. Plasta mpya na ukuta wenye vinyweleo hunywa zaidi, ndiyo maana ya kutanguliza praima, yaani rangi ya msingi ya kuziba vinyweleo, ambayo ni ya bei nafuu kuliko mkono wa tatu wa rangi. Na usiruke msasa na kufuta vumbi; rangi ghali juu ya vumbi inabanduka sawa na ya bei poa.

Vigae ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, na kama vinawekwa kimshazari ongeza 15. Angalia namba ya toleo kwenye maboksi yote iwe moja, maana vivuli vya rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo. Vipande vilivyobaki vizima weka stoo. Miaka mitano mbele huenda hutavipata tena.

Saruji nunua ya kutumia, siyo ya kuweka. Inanyonya unyevu wa hewa na ndani ya miezi 3 nguvu yake imeanza kupungua. Mifuko ikilazimika kusubiri, ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Zege lisizidishiwe maji ili lichanganyike kirahisi, maana maji ya ziada yanalidhoofisha. Likishamwagwa, limwagilie au lifunike libaki bichi angalau siku 7. Maji ya kumwagilia ndiyo kifaa rahisi kuliko vyote kwenye ujenzi, na ndicho kinachosahauliwa.

Hatua ya 7: Umeme, kuanzia vinavyopasha joto

Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Zidisha wati za kifaa kwa saa za matumizi, gawa kwa 1,000. Ukifanya hivyo kwa kila kifaa utagundua kwamba vinavyopasha joto na vinavyopooza ndivyo vinavyokula: hita ya maji, jiko, pasi, birika, kiyoyozi, friji. Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 45 kunahitaji karibu uniti moja na nusu. Taa ya LED ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 160 kwa umeme huo. Kwa hiyo kuoga kwa muda mfupi zaidi na kuweka kichwa cha bafu kinachopunguza maji kunashinda kelele zote za "zima taa". Taa nazo badilisha kama bado una za zamani: ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku hutumia uniti 110 kwa mwaka, LED ya mwanga uleule hutumia kama 16.

Friji lisogeze kidogo kutoka ukutani ili joto la nyuma litoke, na lisikae karibu na jiko. Funga mlango ukiwa umebana karatasi. Ikichomoka bila kukamatwa, raba imechoka. Ndani panatosha nyuzi 4, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu nene inayozunguka friza ni blanketi, iyeyushe. Usiichokonoe kwa kisu, kwa kuwa tundu moja kwenye bomba la gesi ndilo mwisho wa friji.

Hatua ya 8: Kununua vitu vya ndani

Kwa vitu vinavyoisha, linganisha bei ya kilo au lita, usilinganishe bei ya pakiti. Gramu 500 kwa 12 ni 24 kwa kilo. Kilo 2 kwa 50 ni 25 kwa kilo. Pakiti kubwa imekupiga, na hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Sabuni ya kufulia tumia kipimo kilichoandikwa, povu jingi halisafishi zaidi. Dawa za usafi za kila chumba na kila kifaa ni biashara ya maboksi; sabuni ya maji, siki na dawa yenye klorini zinafanya kazi karibu yote. Ila klorini isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu.

Kwa vitu vya kudumu, tafuta vilivyotumika kabla ya vipya, lakini kwa ubaguzi. Meza, makabati ya mbao, viti, sufuria na vifaa vya mkono ni ununuzi mzuri. Pindua fanicha utazame chini: ukiona unga laini wa mbao na vitundu, wadudu wamo, achana nayo. Itikise, kagua maungio. Magodoro ya mtu mwingine sishauri, kunguni hawana bei. Mpira wa gesi na nyaya za umeme zilizotumika usichukue hata bure. Friji lililotumika, muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika kompresa, ikiwa na joto tayari, amekuandalia onyesho. Liwashe mbele yako, sikiliza, subiri mpaka friza ishike baridi, hata kama itabidi ukae. Ukilisafirisha kwa kulilaza, lisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Kukopeshwa kwa mafungu kupime kwa jumla. Kitu cha 100 taslimu kikiuzwa 12 kwa mwezi kwa miezi 12, umelipa 144. Na kwa kuwa katikati ya mwaka nusu ya deni umesharudisha, riba halisi ni zaidi ya 44 kwa mia. Ukiweka akiba hiyohiyo ya 12, mwezi wa 9 una 108: unanunua taslimu na chenji unabaki nayo. Kama kitu hakiwezi kusubiri, mfano friji la dawa, hilo ni jambo jingine, lipa na uendelee.

Garantii isome kabla ya kulipa: ni ya muda gani, inafunika ufundi au vipuri tu, na nani anasafirisha kifaa kikiharibika. Risiti nyingi huchapwa kwa joto bila wino na maandishi hufifia kabla garantii haijaisha, hasa ikikaa juani au kwenye pochi. Ipige picha siku hiyohiyo pamoja na namba ya kifaa iliyo nyuma au chini yake, ujitumie kwenye barua pepe, na boksi lake litunze mpaka muda wa kurudisha upite.